Cheche Inasikika, Moto Haupo: Kuchunguza Kiwashio cha Oveni ya Gesi

Malalamiko ninayoyasikia mara kwa mara kutoka kwa ndugu, majirani na akina mama wanaooka mikate na keki za kuuza yanafanana sana. Pleti za juu za jiko la gesi zinawaka bila taabu, lakini oveni hutoa ule mlio wa tik-tik-tik na moto usishike, au ushike baada ya kusubiri mno na kwa kishindo kinachotikisa mlango. Mwenye jiko huamua papo hapo kwamba kiwashio kimekufa, fundi huitwa, kisanduku kipya cha cheche hununuliwa, na baada ya muda mfupi tatizo hurudi vilevile, kwa sababu kilichobadilishwa hakikuwa na kosa. Nimekuwa nikitengeneza jiko la nyumbani kwangu na majiko ya watu wa karibu kwa muda mrefu, na nina msimamo mmoja ambao ningependa kuueleza kwa kirefu: katika oveni ya gesi, sikio ni shahidi dhaifu. Mlio huthibitisha tu kwamba umeme umefika kwenye kisanduku cha cheche. Cheche inarukia wapi, inakutana na gesi ya kiasi gani, na kitu gani kinaulinda moto baada ya kuwaka, hayo yote yanahitaji macho, tena macho yanayofuata mpangilio.

Jiko ninalolizungumzia ni lile la kusimama linalouzwa katika maduka mengi ya Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Nairobi: pleti nne juu, oveni chini, mtungi wa kilo 15 kwa Tanzania au wa kilo 13 kwa Kenya, na waya wa umeme nyuma kwa ajili ya kiwashio na taa ya ndani. Nyuma ya ubao wenye nobu kuna kisanduku kidogo cha plastiki kinachopokea umeme wa kawaida wa volti 220 hadi 240 na kuugeuza kuwa mapigo mafupi ya maelfu ya volti. Mapigo hayo husafiri katika nyaya zenye ganda nene hadi kwenye sindano nyembamba za chuma zilizovikwa kauri nyeupe, moja kwa kila pleti na moja kwa oveni. Umeme ukifika kwenye ncha ya sindano hutafuta chuma kilicho karibu zaidi ili uruke, na kazi yote ya kauri ni kuhakikisha kwamba chuma hicho ni ukingo wa kichomeo, mahali gesi inapotokea, wala si kitu kingine chochote kilicho njiani. Nafasi kati ya ncha na kichomeo huwa takriban milimita 3 hadi 5.

Oveni inatofautiana na pleti kwa jambo kubwa moja: kichomeo chake kimefichwa chini ya bati la sakafu. Gesi hutoka kwenye nozeli yenye tundu lisilofika milimita moja, huvuta hewa inapoingia kwenye bomba la kichomeo, huchanganyika nayo, kisha hutokea kwenye matundu yaliyopangwa ubavuni mwa bomba hilo. Sindano ya cheche husimama mahali pamoja tu, na kando yake husimama ncha ya themokapo, ambayo nitaieleza mbele. Kwa hiyo ili oveni iwake, mchanganyiko sahihi wa gesi na hewa unapaswa kufika mahali pale hasa, wakati ule ule cheche inaporuka. Pleti iliyo wazi huvumilia kasoro ndogo, kwa kuwa gesi yake ikichelewa kuwaka hutawanyika hewani. Oveni huiweka gesi hiyo ndani.

Hapo ndipo penye hatari, na sitapenda kuipitia kwa haraka. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa: propani kwa mara moja na nusu, butani kwa mara mbili. Ikivuja haipandi juu ikatokea dirishani. Hutuama sakafuni, na katika oveni hutuama chini ya bati, palepale kilipo kichomeo na cheche. Tufanye hesabu kidogo. Kichomeo cha oveni cha kilowati 2.5 hutumia takriban gramu 200 za gesi kwa saa, yaani zaidi kidogo ya gramu 3 kwa dakika, na gramu hizo hujaza karibu lita moja na nusu. Oveni ya kawaida ina ujazo wa lita 60 hivi. Nobu ikiachwa imebonyezwa kwa dakika nzima bila moto, gesi iliyomo inakaribia asilimia 2.5 ya ujazo wote wa oveni, na gesi hii huanza kuweza kulipuka inapofikia takriban asilimia 2. Chini ya bati, ambako inajikusanya kwanza, kiwango hicho hufikiwa mapema zaidi.

Hiyo ndiyo sababu vitabu vya maelekezo ya majiko ya aina hii huonya kwamba usibonyeze kwa zaidi ya sekunde 15, na kwamba moto usiposhika uachie nobu, uache mlango wazi, na usubiri angalau dakika moja kabla ya kujaribu tena. Mimi husubiri zaidi ya hapo, hasa jikoni pasipo na upepo. Mlango wa oveni hufunguliwa kabla ya kugusa nobu. Anayebonyeza mfululizo huku mlango umefungwa, akidhani kwamba kiwashio kinahitaji kulazimishwa, ndiye anayeunguza nyusi na mikono. Na kama harufu ya gesi imeshatanda jikoni kabla hujaanza, usibonyeze kiwashio wala swichi ya taa: funga mtungi, fungua milango na madirisha, na uache uchunguzi hadi harufu iishe.

Uchunguzi wenyewe huanza gesi ikiwa imefungwa kwenye mtungi, kwa maana cheche haihitaji gesi ili ionekane. Chomoa plagi ya jiko kutoka kwenye soketi, toa wavu na trei zote, kisha ondoa bati la sakafu ya oveni. Katika majiko mengi bati hilo hushikiliwa na skrubu mbili, au halijafungwa kabisa na huinuliwa tu kutoka nyuma. Usilivute kwa nguvu, kwani bati linaloburutwa hugonga sindano na kuipinda, na sindano iliyopindwa kwa namna hiyo ni chanzo kimojawapo cha matatizo ninachokikuta mara nyingi. Ukishaona kichomeo na sindano yake, rudisha plagi, zima taa za jikoni, ubonyeze kitufe cha cheche na uangalie. Usiguse sindano wala waya wake wakati huo. Mkondo wake ni mdogo, lakini mshtuko wake unatosha kukufanya ugonge mkono kwenye ncha ya bati.

Cheche nzuri ni nyeupe yenye rangi ya buluu, nene kidogo, inayoruka mahali pamoja kila mara, kutoka kwenye ncha hadi ukingoni mwa kichomeo. Cheche ya rangi ya chungwa, nyembamba, inayohamahama, imepoteza nguvu njiani.

Kwa shangazi yangu anayeishi Tanga, karibu na bahari, jiko lilikuwa limekwisha kubadilishiwa kisanduku cha cheche na fundi wa mtaani, na oveni ikaendelea kukataa. Nilipokwenda kumsalimia tulisubiri giza liingie, tukafunga mtungi, tukatoa bati, tukazima taa. Nilibonyeza kitufe. Pleti nne za juu zilitoa cheche safi. Chini, kwenye oveni, ncha ya sindano ilikuwa kimya kabisa, lakini sentimita mbili chini yake kulikuwa na uzi wa mwanga wa rangi ya chungwa ukitambaa kwenye ubavu wa kauri na kuingia kwenye kibano cha chuma kinachoishikilia.

"Shangazi, unaiona hiyo?"

"Naiona, mwanangu. Basi muda wote huu ilikuwa ikitorokea pembeni."

Ndivyo ilivyokuwa. Kauri ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ulioingia masizi na mafuta ya kuchomea nyama, na umeme ulikuwa umejipatia njia fupi kuliko ile ya kwenye kichomeo. Mlio ulikuwa uleule, kwa kuwa sikio halitofautishi cheche inayorukia kichomeo na ile inayorukia kibano. Ufa wa aina hiyo hauzibwi kwa gundi wala kwa utepe wa umeme; joto la oveni huviunguza vyote viwili. Sindano hubadilishwa, na bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na kisanduku alichokuwa amekwisha kukilipia.

Katika majiko mengi sindano zote hutoa cheche kwa pamoja hata ukibonyeza nobu moja tu, na tabia hiyo humrahisishia kazi mchunguzi. Pleti za juu zikitoa cheche na oveni isitoe, kwa kawaida kisanduku hakina kosa. Mara nyingi tatizo liko kwenye sindano ya oveni, kwenye waya wake, au mahali waya huo unapochomekwa. Ukibonyeza nobu ya pleti oveni ikatoa cheche, lakini ukibonyeza nobu ya oveni yenyewe kusiwe na kitu, basi swichi ndogo iliyo nyuma ya nobu ya oveni ndiyo iliyochoka. Pasipo na cheche popote, anza na umeme: jaribu soketi kwa kuchomeka chaji ya simu, angalia kama taa ya oveni inawaka, na kama jiko lako linatumia betri badala ya umeme wa ukutani, fungua kifuniko chake uangalie kama betri imevuja na kuacha unga mweupe au wa kijani kwenye vishikio. Taa ya oveni ikiwaka na cheche isiwepo hata kwenye pleti moja, hapo ndipo kisanduku cha cheche kinastahili kushukiwa, na si kabla ya hapo.

Pwani ina adui wake maalumu. Hewa ya chumvi hula viunganishi vya shaba na chuma kimyakimya, na jiko lililokaa Kigamboni, Bagamoyo au Nyali kwa miaka michache linaweza kuwa na nyaya zinazoonekana nzima huku ncha zake ndani ya viunganishi zikiwa na kutu tupu. Chomoa plagi, vuta kila kiunganishi, kikwangue kwa msasa laini hadi chuma king'ae, ukibane kidogo kwa koleo ili kikirudishwa kikae kwa kukaza. Mende nao hupenda joto la nyuma ya jiko, na uchafu wao kwenye viunganishi huvuta unyevu na kuvujisha umeme. Nimefungua ubao wa nobu wa majiko mengi, na sehemu kubwa ya kazi imekuwa brashi kavu na kitambaa, bila kununua kipuri chochote.

Mlio usiokoma hata pasipobonyezwa kitu ni jambo jingine tena. Mara nyingi hutokea siku ile ile jiko lilipooshwa kwa maji mengi, kwa sababu maji yameingia kwenye mojawapo ya swichi zilizo chini ya nobu na kuifanya ijidhanie imebonyezwa. Chomoa jiko, vuta nobu zote kwa kunyoosha, na uache panapopita upepo hadi kesho yake. Likikauka likanyamaza, hakuna kilichoharibika.

Kuna suala la plagi ambalo mafundi wengi hulipuuza. Majiko mengi yanayoletwa kutoka nje huja na plagi ya Ulaya yenye pini mbili za mviringo, ambayo mnunuzi huilazimisha kwenye soketi yetu ya matundu matatu kwa kutumia adapta ya bei rahisi. Jiko hufanya kazi, lakini waya wa ardhini, ule wa kijani na njano, unakuwa haujaunganishwa popote. Jiko la chuma lenye kisanduku cha maelfu ya volti lisilounganishwa na ardhi halinipi amani hata kidogo, na ukiligusa ukiwa pekupeku likakuwasha vidole, hilo ndilo onyo lako. Mwambie fundi umeme akate plagi hiyo na aweke ya pini tatu yenye fyuzi ndogo.

Sasa tuseme cheche ni nzuri, nyeupe, inaruka mahali pake, na bado moto haushiki. Hapo kiwashio kimekwisha kutimiza wajibu wake, na swali linahamia kwenye gesi na hewa. Kama mtungi umebadilishwa muda mfupi uliopita, mpira wa gesi una hewa ndani yake, na oveni, ambayo iko mwisho wa njia ndefu ya mabomba, huchelewa kuipata gesi kuliko pleti. Washa kwanza pleti moja uiache iwake hadi mwali utulie, kisha uje kwenye oveni. Mwali wa pleti ukiwa dhaifu nao, mtungi unakaribia kwisha au regulata ina tatizo, na hakuna sindano mpya itakayoliponya hilo. Pleti zikiwa na nguvu na oveni pekee ikiwa dhaifu, angalia nozeli na matundu ya kichomeo. Oveni iliyokaa muda mrefu bila kutumiwa huweza kuzibwa na utando wa buibui au udongo wa nyigu kwenye mdomo wa bomba, mahali hewa inapoingia. Oveni inayotumiwa kila siku huzibwa na kutu, na sukari na maziwa yaliyofurika yakaungua, hasa kwenye matundu yaliyo karibu na sindano. Safisha matundu ya kichomeo kwa brashi ya nyaya na kijiti. Nozeli isafishwe kwa kuloweka kwenye maji ya moto yenye sabuni na kupulizwa. Usiichokonoe kwa sindano ya chuma, kwani tundu likipanuka hata kidogo gesi itatoka nyingi kuliko ilivyopangwa na mwali utakuwa wa njano wenye masizi.

Umbali nao una maana yake. Sindano ikiwa mbali mno na kichomeo, cheche huruka mara moja moja au hurukia bati; ikiwa karibu mno, cheche huwa fupi kiasi kwamba haifiki mahali gesi inapopita. Dalili ya kwanza ya umbali mbaya, au ya matundu yaliyoziba karibu na sindano, ni kile kishindo: gesi hutokea kwenye matundu ya mbali, hujaa chini ya bati, na hatimaye huifikia cheche ikiwa nyingi. Kwa hiyo anayeniambia kwamba oveni yake "inawaka lakini inapiga" namshauri aache kuitumia hadi irekebishwe, hata kama mikate inaiva vizuri.

Wapo wanaoikuta oveni ikiwaka na kuzimika mlango unapofungwa. Mara nyingi nimekuta sakafu ya oveni imetandikwa karatasi ya foili ili isichafuke, na foili hiyo imeziba matundu ya bati ambayo kwayo hewa na joto hupita. Moto hukosa hewa, hugeuka njano, kisha hufa. Iondoe foili hiyo. Ukitaka kukinga matone, weka trei kwenye wavu wa chini na uache nafasi pembeni.

Kosa linalochanganywa mno na kiwashio ni la themokapo. Dalili yake iko wazi: ukibonyeza nobu moto unawaka vizuri, ukiachia unazimika. Kiwashio hapo hakihusiki hata kidogo, maana moto umeshawaka. Themokapo ni kijiti cha metali mbili tofauti zilizounganishwa kwenye ncha moja; ncha hiyo ikipata moto, joto huzaa umeme kidogo, kiasi cha milivolti 20 hadi 30, jambo ambalo mwanafizikia Thomas Johann Seebeck aliligundua mwaka 1821. Umeme huo mdogo huishikilia sumaku iliyo ndani ya vali ya nobu, na sumaku hiyo huiacha njia ya gesi wazi. Moto ukizimwa na upepo, ncha hupoa, sumaku huachia, gesi hujifunga yenyewe. Ndiyo maana ukiwasha oveni unatakiwa kuendelea kubonyeza kwa sekunde 10 hivi baada ya moto kushika, ili ncha ipate joto la kutosha.

Ukibonyeza kwa muda huo na bado unazimika, angalia kwanza kama ncha imo ndani ya mwali. Ikiwa imesogea pembeni haitapata joto. Kisha ipanguse masizi kwa msasa laini bila kuikwangua kwa nguvu. Halafu fuata waya wake mwembamba wa shaba hadi kwenye vali na uangalie kama kiunganishi kimelegea au kina kutu, kwa kuwa milivolti chache hazivuki kutu. Hayo yote yakishindikana, badilisha themokapo. Kuna mafundi wanaoiondoa na kuifunga vali ibaki wazi daima, kisha wakamwambia mwenye nyumba kwamba oveni imepona. Huko ni kumwachia mtu bomba la gesi lisilo na mlinzi, na ninaomba kila anayesoma hapa akatae kabisa kufanyiwa hivyo.

Jambo la aina ya gesi linazidi kuwa muhimu. Gesi asilia ya kisiwani Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, na sasa zipo nyumba za jijini, Mikocheni kwa mfano, zinazopikia gesi hiyo kwa bomba. Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, nyepesi kuliko hewa, na nozeli zake zina matundu makubwa kuliko za gesi ya mtungi. Jiko la nozeli za mtungi likiunganishwa na gesi asilia huwaka kwa mwali mdogo, dhaifu, usiotaka kushika kwenye oveni. Jiko la nozeli za gesi asilia likiunganishwa na mtungi hutoa mwali mrefu wa njano unaoacha masizi kila mahali. Hali hii ya pili huwapata hasa walionunua majiko ya mtumba kutoka Ulaya. Ukiwa na jiko la namna hiyo na kiwashio kinasumbua, soma kibandiko cha nyuma ujue limepangiwa gesi ipi kabla ya kununua chochote.

Ndugu zetu walioko Marekani na Kanada huniuliza pia, na oveni zao nyingi zinafuata njia nyingine kabisa. Hazina cheche. Zina kijiti cha silikoni kabidi kinachopitishiwa umeme wa volti 120 hadi king'ae kwa rangi ya chungwa iliyoiva. Kijiti hicho kimeunganishwa kwa mfululizo na vali ya gesi, na vali haifunguki mpaka mkondo unaopita kwenye kijiti ufikie kiwango chake: ampea 3.2 hadi 3.6 kwa vijiti vingi vya bapa, na 2.5 hadi 3.0 kwa vile vya mviringo. Kijiti kikizeeka, ukinzani wake huongezeka na mkondo hupungua, kwa hiyo kinang'aa lakini vali haifunguki, au inafunguka kwa kuchelewa. Kama ambavyo mlio unamdanganya mtu wa Tanga, mng'ao unamdanganya mtu wa Minneapolis. Kijiti kizima huwasha oveni ndani ya dakika moja hivi. Kikizidi sekunde 90 kibadilishwe, hata kama kinang'aa vizuri machoni. Ukiwa na mita ya kubana waya, pima mkondo wakati kinang'aa, na utakuwa na jibu bila kubahatisha. Kipya kisishikwe kwa vidole kwenye sehemu ya kijivu, kwani ni chepesi kuvunjika na mafuta ya mkono hukidhuru. Na oveni ya aina hiyo haiwashwi kwa kiberiti, maana bila mkondo wa kijiti vali haitoi gesi.

Oveni za huku kwetu huwashika kwa kiberiti, na siku za mgao wa umeme hakuna njia nyingine. Majiko mengi yana tundu kwenye bati la sakafu kwa ajili hiyo. Fungua mlango, washa kiberiti kwanza, kipeleke kwenye tundu, kisha ndipo ubonyeze nobu. Mpangilio huo usigeuzwe: moto utangulie, gesi ifuate.

Ukienda kununua kipuri, Kariakoo au dukani kwingine, beba kile cha zamani mkononi. Sindano za oveni hutofautiana kwa urefu wa kauri, mkunjo wa ncha, umbo la kibano na urefu wa waya, na picha ya simu haionyeshi hayo yote. Waya ukiwa umekatika, usiunganishe kwa waya wa kawaida wa nyumbani. Ganda lake halihimili maelfu ya volti wala joto la oveni, na cheche itatorokea kwenye bati la kwanza itakalokutana nalo.

Baada ya kufunga kila kitu, fungua mtungi na upake povu la sabuni kwenye kila kiungo cha gesi ulichokigusa. Povu likifura mahali popote, funga mtungi na ukaze upya kabla ya kuendelea. Kisha, mlango ukiwa wazi, bonyeza na uwashe. Moto unapaswa kushika ndani ya sekunde chache na kutembea bomba zima bila kuruka tundu, ukiwa wa buluu wenye ncha ndogo zinazoonekana wazi chini yake. Achia nobu baada ya sekunde 10, usizimike. Ipeleke nobu kwenye moto mdogo kabisa, ufunge mlango kwa utaratibu, na uchungulie kupitia tundu la bati. Ukiona mwali umebaki, iache oveni ipate moto kwa robo saa, ifungue na uifunge tena, na mwali ukiendelea kubaki, unaweza kuanza kukanda unga.